Mapenzi si pingu, kaka!

Kama moyo haujatulia, vuta kiti, leo safu inakuhusu.

Nimepata barua ya binti wa Kizimbani, kule kwenye mashamba ya karafuu na viungo. Jina naliweka kapuni. Ameshaposwa, mahari imetolewa, harusi imebaki miezi miwili. Mchumba wake anakaa Mjini. Tatizo? Jamaa anataka kujua kila saa yuko wapi. Simu asipoipokea upesi, ugomvi. Shughuli za mashoga zake kakatazwa. Juzi binti aliposema amechoka, akajibiwa: "Ukiniacha najiua." Sasa anauliza: "Dada, haya ndiyo mapenzi? Maana wenzangu wananiambia nina bahati, napendwa."

Majibu yetu ya kawaida mnayajua: mvumilie, wivu ndiyo mapenzi, akishaoa atatulia. Mie nimeyachoka. Leo nakuleteeni maneno ya Wabudha. Usishtuke! Sikubadilishi dini, kila mtu na abaki na yake. Wala hawa si watu wa mwezini. Pale Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu lao lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka tangu enzi za Mwingereza. Uganda nako, mtawa Mganda aitwaye Bhante Buddharakkhita alianzisha kituo chao mwaka 2005.

Najua mjanja mmoja atasema: "Huyo Budha si ndiye aliyemwacha mkewe Yasodhara na mtoto mdogo? Atatufundisha nini?" Kweli aliondoka kwake, na watawa wake hawaoi. Lakini watu wenye majumba yao hakuwasahau. Kijana mmoja, Sigala, alielezwa kuwa mume amheshimu mkewe, asimdharau, awe mwaminifu, amwachie madaraka ya nyumba na amnunulie mapambo. (Mashoga, dhahabu imo!) Mke naye apange kazi zake vizuri, apokee jamaa wa pande zote, awe mwaminifu, atunze kinacholetwa na asiwe mvivu. Wajibu matano kwa matano, na la kumfunga mwenzako kamba halimo.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Wabudha wanasema chanzo cha mateso yetu ni kitu kinaitwa tanha, maana yake kiu. Kiu ikizidi, mtu hung'ang'ania. Na neno lao la kung'ang'ania, upadana, ndilo hilo hilo la kuni za kuchochea moto. Kwa hiyo kila ukishika zaidi, unajiunguza zaidi. Upendo wao wanauita metta, yaani kumtakia mwenzako heri.

Mwanachuoni wao Buddhaghosa, aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, alisema upendo una maadui wawili. Wa mbali ni chuki, huyo kila mtu anamjua. Wa karibu ni tamaa, na huyu ndiye hatari, kwa sababu amefanana na upendo kama pacha. Anaingia ndani, anakaa kitako, nawe unamkaribisha chai!

Utawatofautishaje? Sikiliza maswali yao. Upendo huuliza: "Umeshindaje? Umekula?" Tamaa huuliza: "Uko wapi? Na nani?" Wabudha pia wana mudita, kufurahia furaha ya mwenzako. Binti akienda kwenye shughuli ya shoga yake akarudi anacheka, anayempenda anacheka naye. Mwenye kiu ananuna.

Binti wa Kizimbani, wewe vanila unaijua kuliko mimi. Hupanda juu ya mti mwingine, lakini haiunyonyi mti huo. Ina mizizi yake ardhini. Ua lake hufunguka siku moja tu, na mkulima hulichavusha kwa mkono, taratibu. Akilifinya, limekwenda. Kisha husubiri tumba likomae, miezi kama tisa. Mapenzi nayo ni hivyo: egemea, lakini uwe na mizizi yako.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Harusi isogezwe mbele. Usiogope aibu, kadi zikishachapwa zinaweza kuchapwa tena. Waambie wazazi kila kitu, usiwafiche. Hilo la kujiua usilichukulie mzaha: wapelekee habari watu wake leo hii, wakae naye na wamfikishe kwa daktari. Lakini usiolewe ili kumtibu mtu. Ndoa si dawa, na wewe si mateka.

Nawe kaka, kama unasoma, sikutukani. Unaumia, naliona hilo. Wivu ukipanda, weka simu chini, kaa, vuta pumzi, uutazame wivu wenyewe unavyokuja na unavyoondoka. Maana kila kitu hupita, ndivyo Wabudha wanavyosema, na wivu umo. Hapo ndipo ujiulize swali la kiume: nataka huyu binti awe na furaha, au nataka awe wangu tu? Ukijibu kwa ukweli, utajua kama uko tayari kuoa.

Haya wapenzi, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.