Afya Nyumbani: Mgongo na Mikono ya Mwalimu

Mwezi huu twataka kusema juu ya mgongo, maana walimu wengi hulalamika kwamba jioni shingo na mgongo huwauma, na sauti imewakauka. Sisi wenyewe tu katika hao. Na kwa watoto wa shule dawa yetu ilikuwa neno moja tu, "Simama wima!" na aliyeinama tulimgusa mgongoni kwa fimbo.

Basi alikuwako mtu, jina lake F. M. Alexander, aliyezaliwa mwaka 1869 katika kisiwa cha Tasmania, huko Australia. Kazi yake ilikuwa kusoma mashairi mbele ya watu kwa sauti kuu, na sauti ikaanza kumpotea. Daktari akamwambia apumzike. Akapumzika, ikarudi, akasimama tena mbele ya watu, ikampotea tena. Ndipo alipowaza kwamba labda ajiumizaye ni yeye mwenyewe, kwa jinsi asemavyo.

Akasimama mbele ya kioo, akasema huku akijitazama. Akaona kwamba kila asemapo hukivuta kichwa nyuma, hulikandamiza koo, na pumzi huivuta kwa kinywa hata ikasikika. Akajaribu kukipeleka kichwa mbele, akadhani amefaulu. Lakini alipoongeza vioo viwili akaona kwamba bado akivuta nyuma vilevile! Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Aliyezoea kupinda huona kwamba kupinda kwake ndiko kunyoka. Ukimwamuru mtoto asimame wima, atakaza misuli, atatoa kifua, atashika pumzi, naye ataona amenyoka. Kumbe ameongeza pindo la pili juu ya lile la kwanza.

Kwa sababu hiyo Alexander alifundisha kwa mikono, na mwaka 1904 akahamia London kwa kazi hiyo. Mwalimu wa namna hii hakandi kwa nguvu, wala havunji viungo. Huweka mikono taratibu kichwani, shingoni na mgongoni, huku mwanafunzi akiketi kitini na kuinuka, ili mwili uonyeshwe njia usiyoijua. Kwanza mtu hujifunza kuacha, ndipo ajifunze kutenda. Alexander alikufa mwaka 1955, lakini walimu wa kazi hiyo wangaliko.

Mwaka 2008 madaktari wa Uingereza walichapa katika British Medical Journal habari za watu 579 wenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Baada ya mwaka mmoja, wale waliotibiwa kwa desturi tu waliumwa kama siku 21 katika majuma manne. Waliokandwa, siku 14. Waliopata mafunzo 24 ya Alexander, siku 3. Ni faida kubwa, ingawa mafunzo 24 ni gharama, na huku vijijini kwetu mwalimu wa namna hiyo hatujamwona.

Hata hivyo liko jambo dogo wafundishalo ambalo kila nyumba yaweza kulifanya. Tandika mkeka, ulale chali, magoti juu na nyayo chini, kichwa juu ya vitabu viwili vitatu (si Biblia, mama wa nyumba yetu alitukemea). Kaa hivyo dakika 10 hata 20, pasipo kujikaza. Sisi hufanya baada ya masomo, kabla ya chai.

Lakini twaungama jambo moja. Alikuwako mtoto darasani mwetu ambaye mgongo wake uliinama siku kwa siku, nasi tukamwamuru siku kwa siku. Mama yake ndiye aliyempeleka hospitali, wakaona kifua kikuu kimeingia katika mifupa ya mgongo. Ugonjwa huo huponywa kwa dawa za miezi mingi, wala hauponywi kwa mikono ya mtu. Kwa hiyo mgongo ukitoka kinundu, au mtoto akikonda na kupata homa za jioni, au miguu ikilegea na kufa ganzi, au mkojo ukimtoka asipotaka, msikubali mtu amkande. Mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Mtoto yule alipona, ila pindo lilibaki. Fimbo ile haiko tena darasani.

Mwezi ujao tutasema juu ya macho ya wasomao usiku.