Malipo hayakufukuza mashabiki wa vyuo, hofu sasa ni kwa wakimbiaji

KWA miaka mingi wasimamizi wa michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani walishikilia hoja moja: mchezaji akilipwa, shabiki ataondoka.

Chama cha michezo hiyo, NCAA, kilidai hata mahakamani kwamba mashabiki huvutiwa na wanafunzi wasiolipwa. Lakini mnamo Juni 21, 2021, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba chama hicho hakina haki ya kuwekea mipaka misaada inayohusiana na masomo ya wanamichezo. Julai 1 mwaka huo, wanafunzi wakaruhusiwa kuuza majina na picha zao kwa matangazo ya biashara.

Juni 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kuwafidia wachezaji takriban dola bilioni 2.8 kwa muda wa miaka 10. Aidha, kila chuo kiliruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo wa 2025/2026.

Hata hivyo, mashabiki hawakutoroka. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan ungali unavuta zaidi ya watu 100,000 siku ya mechi. Shabiki hufungamana na rangi za chuo alichosomea au za mji aliozaliwa. Mchezaji hupita baada ya miaka michache, jezi ikabaki. Kinachowakera wengi ni wachezaji kuhamahama kila msimu, na wao wenyewe kuombwa michango ya kuwazuia wasiondoke.

Kwa Kenya, suala hili si la mbali. Vyuo hivyo vimekuwa ngazi ya wanariadha tangu enzi za Henry Rono, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81.

Leo mkimbiaji kama huyo anabanwa pande mbili. Viza ya masomo inamwekea vikwazo vya kufanya kazi ya malipo, nayo sehemu kubwa ya fedha hizo inaelekezwa kwa kandanda ya Kimarekani na mpira wa vikapu, michezo inayoleta mapato ya runinga. Chuo kikilazimika kupunguza matumizi, riadha huwa miongoni mwa michezo ya kwanza kuguswa.

Kumlipa anayetoka jasho ni haki. Lakini iwapo vyuo havitatenga fungu la michezo isiyouza tiketi, kijana wa Bonde la Ufa anayetegemea mbio ili apate shahada huenda akakuta mlango umefungwa.