Iganzo Isipimwe kwa Kamba ya Uzunguni

SAFU: NYANDA ZA JUU
Na Mwana Loleza

Jioni pale Mwanjelwa hata simu yako huisikii. Malori ya Zambia na Kongo yanapita katikati ya watu, bajaji zinajipenyeza, wauza nguo wananadi kwa vipaza sauti. Sasa panda upande wa mlima Loleza, uiache lami, uingie Iganzo ndani kabisa. Mahindi yamefika madirishani, kuku wanakatiza njia bila wasiwasi, na mtoto hakupiti bila shikamoo. Hujatoka nje ya Jiji la Mbeya, lile lile lenye watu 541,603 kwa sensa ya 2022.

Mbeya ukitaja utulivu, watu hukujibu Uzunguni. Sawa, ila mtaa ule ulipangwa kwa makusudi. Mkoloni aliuanzisha mji huu 1927, enzi za dhahabu ya Lupa, akajitengea viwanja vipana penye miti, Mwafrika akabanwa kwingine. Iringa nayo ina mtaa wake wa aina hiyo, Gangilonga, tena wenzetu walibahatika: mji umekaa kilimani, malori yanaishia kupita chini, Ipogolo. Sisi barabara kuu imetupasua katikati.

Iganzo hakuna aliyeipanga iwe kimya. Watu walibaki kwenye mashamba ya wazazi wao, wakajenga pembeni ya migomba, wakaunganishana kwa vichochoro ambavyo gari haliingii. Nisieleweke vibaya: kichochoro hicho hicho ndicho mama mwenye uchungu anachopitishwa usiku akiwa amebebwa, na nyumba ikishika moto zimamoto haifiki. Kwa hiyo urasimishaji wa makazi uje, tena uje upesi, maana barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ikikamilika madalali wa viwanja hawatalala.

Ninachokataa ni mchoro unaochorwa mezani, unaokata viwanja hadi ukingoni mwa kijito na kufuta njia za miguu kwa sababu hazina jina. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Mbeya tunaijua, tunaikumbuka mafuriko yakishaingia ndani.

Waheshimiwa madiwani, kabla hamjapitisha mchoro wowote wa huko juu, upitieni kwa miguu mkiwa na wazee wa mtaa. Pimeni kwanza zile mita 60 na njia za watu. Viwanja vifuate.