Bahari Inapimwa Kutoka Angani, Bariadi Isiachwe Nyuma

Mkulima wa Bariadi akiambiwa kwamba pamba yake ina udugu na bahari iliyo zaidi ya kilomita 600 mashariki yake, ana haki ya kutabasamu. Hata hivyo ziwa limekwisha kutoa ushahidi. Mwishoni mwa mwaka 1997 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, ulipata joto kupita kawaida na maji yake yakainuka, huku yale ya upande wa Sumatra yakishuka. Zikafuata mvua zilizoifunika Afrika Mashariki, na kufikia katikati ya mwaka 1998 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa takribani mita 1.7. Mwinuko wa bahari na mwinuko wa ziwa ulipimwa na chombo kimoja: setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa mwaka 1992, ikizunguka zaidi ya kilomita 1,300 juu ya vichwa vyetu.

Twaukumbusha mwaka huo kwa kuwa wapo maofisa wanaodhani kwamba elimu hii ni anasa ya mataifa tajiri. Kazi yenyewe haina uchawi. Rada hutuma mawimbi chini, huhesabu muda yanaochukua kurudi, na kwa hesabu hiyo hujua uso wa maji umesimama wapi. Bahari si tambarare kama inavyodhaniwa na msafiri aliye juu ya meli; ina vilima na mabonde ya maji, yenye tofauti ya sentimita chache au makumi kadhaa. Kwa sababu dunia yenyewe inazunguka, maji hayateremki moja kwa moja kutoka kilimani kwenda bondeni, bali hukizunguka kilima au bonde hilo. Hiyo ndiyo mizunguko ya maji ambayo wataalamu wanaichunguza, na kutokana na mteremko wake hukadiria kasi ya mkondo pasipo mtu kulowa hata mguu.

Mizunguko hiyo haiko mbali nasi. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hwenda kaskazini mwaka mzima, nao huzidi nguvu wakati wa kusi. Ukikutana na visiwa hukatwa kama mto unavyokatwa na jiwe, na nyuma ya kizuizi maji hujizungusha. Mbele zaidi, katika bahari ya Somalia, kusi huzaa mzunguko mmoja mkubwa ajabu, wenye upana wa kilomita mia kadhaa, unaojirudia mwaka baada ya mwaka. Ipo mizunguko inayopandisha maji baridi ya chini, yenye rutuba, na hapo samaki hupata chakula. Ipo inayochukua mayai na vifaranga vya samaki na kuvipeleka penginepo. Mashua iliyozimikiwa na injini nayo itakwenda inakotaka maji, na mwenye kuitafuta bila kuujua mkondo atatafuta mahali pasipo mtu.

Hapa ndipo penye tatizo ambalo visiwani lapaswa kueleweka vizuri. Rada za kawaida huona vema katika bahari kuu, lakini zikikaribia nchi kavu, mwangwi wa ardhi huchanganyika na wa maji, na vipimo vya kilomita kumi na zaidi kutoka ufukweni huharibika. Mkondo wa Unguja, kati ya kisiwa na bara, upana wake ni kilomita arobaini hivi. Ndiyo kusema kwamba maji wanayoyavuka watu kila siku ndiyo yaliyoonekana kwa shida kuliko yote. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa na mataifa yale yale mwezi Desemba 2022, imelipunguza tatizo hilo: hupima ukanda wenye upana wa kilomita 120, huona mizunguko midogo, na hupima hata maziwa na mito mipana. Lakini hurudi kwenye njia yake baada ya siku 21, na mzunguko mdogo wa karibu na pwani waweza kuzaliwa na kufa kabla haijarudi.

Kwa hiyo setilaiti haiondoi haja ya kipimo kilichosimikwa gatini, wala ya nahodha anayejua maji ya mahali pake wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Unguja ina kipimo cha kina cha bahari chenye kumbukumbu tangu mwaka 1984. Hiyo ni hazina. Ukerewe, Ukara na Irugwa nazo zinastahili vipimo vya ziwa vinavyosomwa kila siku na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, ili hesabu za angani ziwe na cha kulinganishwa nacho.

Mkoa wa Simiyu haumo katika jambo hili kwa hisani. Busega imo ziwani, na mradi wa kuyatoa maji ya ziwa kuyafikisha Bariadi na wilaya nyingine unategemea ziwa hilo hilo, ambalo mwezi Mei 2020 liliipita alama ya mwaka 1964. Mhandisi wa maji anayelijua ziwa kwa mwaka mmoja tu hawezi kusema litakuwaje baada ya kumi. Vipimo vya angani vina zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa hutolewa bure.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza upepo na mawimbi, na twaipongeza. Tunachodai ni kwamba hali ya mikondo nayo itafsiriwe katika Kiswahili cha mvuvi na kusomwa redioni kabla vyombo havijang'oa nanga, na kwamba Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi na ile ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar zipewe fedha za kwenda kuhakikisha juu ya maji yale yaliyoonwa kutoka juu. Nazo halmashauri, kuanzia Busega hadi Ukerewe, zikileta makadirio yao ya mwaka ujao, ziwatajie wananchi ni mtumishi gani katika ofisi zao mwenye jukumu la kuvisoma vipimo hivi.