Msamaha bila fidia haujakamilika

OKTOBA 2024 Mahakama Kuu iliyoketi Gulu ilimhukumu Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA, kifungo cha miaka 40. Desemba mwaka huohuo iliamuru serikali iwalipe fidia waathirika, kwa kuwa mfungwa huyo hana mali. Hapa Kampala wapo wanaouliza: kwani watu wa kaskazini si walikwisha kusamehe? Swali hilo wangewauliza akina mama waliokimbia vita wakaishia kuponda kokoto Acholi Quarter, kule Kireka.

Ni kweli, walisamehe. Viongozi wa dini wa Acholi, Waislamu na Wakristo pamoja, walishinikiza hadi ikapatikana Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, na zaidi ya watu 26,000 wa makundi mbalimbali ya waasi wakanufaika nayo. Wasichana 139 wa shule ya Aboke walipotekwa Oktoba 1996, wazazi waliungana kudai watoto wote waliotekwa, si wa kwao tu. Mmoja wao, Angelina Atyam, aliahidiwa kurudishiwa binti yake kama angenyamaza. Alikataa. Kazi hiyo ilifanywa na watu wasio na bunduki wala cheo.

Lakini wanaousifu msamaha huo husahau mila yenyewe. Katika mato oput, kinywaji cha mzizi mchungu huja mwisho. Kwanza mkosaji hukiri, kisha ukoo wake hulipa fidia, yaani culo kwor, ndipo pande mbili hunywa katika kibuyu kimoja. Kwa hiyo anayewataka wajane wa Lukodi au Pabbo waache kudai fidia kwa jina la mila, haijui mila hiyo.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai nayo, Februari 2024, iliagiza fidia ya zaidi ya Euro milioni 52 kwa waathirika karibu 50,000 wa Dominic Ongwen, ambaye naye hana kitu, hivyo malipo yanategemea michango ya wahisani. Nyumbani, baraza la mawaziri lilipitisha sera ya haki ya mpito mwaka 2019. Sera haimlishi yatima. Inahitajika sheria, na fungu lake katika bajeti.

Mimi ni mwalimu niliyesomea uhamishoni. Najua kuwa mtoto anayerudi huulizwa kwanza baba yake ni nani. Aliyezaliwa msituni, mama yake akiwa mateka, hana jibu, na bila ukoo wa baba ni vigumu kupata shamba. Huyo naye anadai.

Ndugu zangu tuliorudi, nanyi mnaopitisha bidhaa Elegu kwenda Juba, sote tunakula matunda ya amani hiyo. Zamani magari ya kaskazini yalisindikizwa na wanajeshi. Basi anayetaka kiwanja cha ghala kando ya barabara ya Gulu awaulize kwanza wazee wa ukoo, majirani na mwenyekiti wa LC1, na mkataba uandikwe mbele ya mashahidi. Waliokaa kambini miaka mingi walirudi wakakuta mipaka imefutika na wazee walioijua wamekufa. Anayemnunulia mdanganyifu shamba la mjane anapanda ugomvi mpya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Serikali ilipe inachodaiwa, nasi tusinunue kisichouzwa.