"Iko kwa Excel" si jibu

Leo nitakosana na watu wa nyumbani, lakini wacha ikuwe.

Kuna sentensi inaniudhi kuliko "tuma na ya kutolea". Ni hii: "Iko kwa Excel." Unauliza kama mchango wa Machi uliingia, iko kwa Excel. Nani bado hajarudisha mkopo? Iko kwa Excel. Halafu unarushiwa linki kwa WhatsApp, mtu anajipigia makofi, kazi imeisha. (Najua ni Google Sheets. Hapa kwetu zote ni Excel, vile kila sabuni ya unga ni Omo.)

Sasa ifungue hiyo kitu. Ya chama cha kina mama hapa Ndanai, ambacho mamangu ni mwanachama, ina kurasa 41. Nilihesabu. Wa kwanza unaitwa Sheet1 na hauna chochote. Kuna "Michango", "Michango mpya", "Michango mpya 2", halafu "Copy of Michango mpya 2". Kuna "MWISHO". Kuna "MWISHO kabisa". Kwa simu unaona majina mawili matatu tu pale chini, unasukuma na kidole, unasukuma tena, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka katikati ya majani chai. Na ukibahatika kufika kwa orodha, ukishuka kidogo vichwa vya safu vinapotelea juu. Umebaki na 500. Ni mchango? Faini? Riba? Mweka hazina anajua.

Yeye peke yake.

Kanuni ya chama ni kwamba hupewi mkopo kama michango yako ya miezi sita haijakamilika. Mwaka ule niliacha chuo, mamangu aliomba mkopo wa karo yangu. Alikuwa amelipa yote. Siku ya kikao mweka hazina alikuwa Nairobi kwa mgonjwa, simu ikashikwa na mtu mwingine, akafungua "Michango mpya". Miezi miwili ya mamangu ilikuwa tupu. Meseji za M-Pesa alikuwa ameshafuta, simu yake ni mulika mwizi, ikijaa lazima ufute. Akaambiwa mbele ya wenzake kwamba hajamaliza kulipa. Hakubishana. Alirudi nyumbani akakamua ng'ombe.

Malipo yake yalikuwa kwenye ile "Copy of". Yalipatikana baada ya wiki tatu, na usajili wa muhula ulikuwa umefungwa. Sisemi niliacha chuo juu ya Excel. Karo yangu ilikuwa na mashimo mengine mengi. Lakini siwezi kujifanya hizo wiki tatu hazikuwa kitu.

Na kabla mniruke: mweka hazina hajaiba. Ni mama anayejaza hizo namba usiku, bure, baada ya kutoka shambani. Shida yangu ni kwamba faili ambayo mtu mmoja tu anajua njia zake ni nyumba yake. Sisi wengine ni wageni, tunabisha hodi kuuliza habari za pesa zetu wenyewe. Na siku atakapokuja mwizi wa kweli, atakuta tumeshamzimia taa.

Jibu ninalopewa kila mara ni "hawa kina mama hawajui kompyuta." Acheni hizo. Hawa ndio wanasimama pale wanapopimiwa majani na kusoma risiti kilo kwa kilo. Karani akikata nusu kilo, kelele zitasikika mpaka Sotik. Namba wanazijua. Kile hawajui ni waanzie ukurasa upi, na hata wewe mwenye digrii hujui.

Usidhani pia ni ushamba wetu. Mwaka 2020 Uingereza ilichelewesha karibu kesi 16,000 za Covid kwa sababu zilipitishwa kwenye faili ya Excel ya muundo wa zamani, ambayo mwisho wake ni mstari wa 65,536. Zilizozidi zilikatwa na hakuna aliyeshtuka kwa siku kadhaa.

Wanaoniuma zaidi ni sisi vijana. Tulisoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu, tukaufafanua kwa TikTok kwa lugha za nyumbani, kwa sababu tulijua karatasi kuwekwa hadharani si sawa na kueleweka. Halafu mtu huyo huyo akipewa faili ya mchango wa matanga, anaacha Sheet1 mpaka Sheet19. Ama anaweka grafu za rangi sita, na bado huwezi kujua nani amelipa.

Nilikaa na ile ya mamangu jioni moja kwa saiba. Mbele nikaweka ukurasa unaoitwa ANZA HAPA, na ndani yake si majina ya kurasa, ni maswali: Nimechanga ngapi? Nani ana mkopo? Kila swali lina linki ya kukupeleka pale pale, na kila ukurasa una linki juu ya kukurudisha mwanzo. Mstari wa vichwa nikaugandisha usipotee ukishuka. Kurasa za zamani sikufuta, nilizificha, zikabaki sita. Kuandika, watu wawili. Wengine wote kusoma. Namba za vitambulisho nikazitoa kabisa, kwa sababu yeyote mwenye linki alikuwa anaziona, na kuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

Halafu nikampa mamangu simu yangu, nikamwambia atafute Machi yake. Nikanyamaza. Aliniuliza mara mbili. Kulikuwa na ukurasa nimeuita "Muhtasari", akasema, "Na hii ni ya nini?" Sasa unaitwa "Pesa iliyoko". Mara ya pili alifika bila mimi. Akakaa akiangalia jina lake muda mrefu kidogo.

Kamati imesema itaangalia. Mmoja wao amesema mtu ambaye hakumaliza chuo asiwafundishe kazi. Sawa. Kikao ni Jumamosi, na mamangu ameshasema atakaa mbele, na simu yangu ndio ataenda nayo.