Swali moja la kupima majivuno

Mwaka 2014 wataalamu watatu wa Marekani, Sara Konrath, Brian Meier na Brad Bushman, walitangaza matokeo ya majaribio 11 yaliyoshirikisha watu zaidi ya 2,200. Walitaka kujua kama swali moja linaweza kupima majivuno, mahali pa orodha ya zamani yenye maswali 40. Mtu aliulizwa tu ni kwa kiasi gani anakubali kwamba anajipenda kupita kiasi. Walioisha kukubali sana ndio, kwa kawaida, waliopata alama za juu katika orodha ndefu.

Sababu ni nyepesi: mwenye majivuno haoni kama ni kosa, basi haoni haya kuyakiri. Msomaji wa Luka 18 hatashangaa. Yule Mfarisayo hakuficha sifa zake. Alizitaja mbele za Mungu.

Lakini tuangalie. Kipimo hiki ni cha kuchunguza watu wengi pamoja, si cha kumhukumu mtu mmoja. Tena, kwetu kanisani kiburi ni jina la dhambi. Mzee wa kanisa akiulizwa kama anacho, atakana upesi. Kwa hiyo swali hilo lingepaswa kujaribiwa upya katika Kiswahili chetu.

Wapendwa, tunapochagua viongozi, tusitegemee karatasi wala maneno yao wenyewe. Tuwaulize wanaotumika chini yao: Je, huyu anakubali kuonywa? Anatoa hesabu ya sadaka? Muda wake ukiisha, anaachia mwingine kiti?